Jumatatu ya Kifua

Jimu yetu ilikuwa uani kwa mtu, Keko, Dar es Salaam, na benchi lilikuwa moja tu. Kila Jumatatu kuanzia saa 12 jioni tulilipangia foleni watu kumi na moja, kumi na wawili, kila mmoja akimhesabia aliyelala pale ili asije akajiongezea. Jumatatu ilikuwa siku ya kifua. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, pembeni ya picha ya Arnold Schwarzenegger iliyochorwa na fundi wa mabango: Jumatatu kifua, Jumanne mgongo, Jumatano mabega, Alhamisi mikono, Ijumaa miguu, Jumamosi tumbo. Jumapili ilikuwa ya kupumzika.

Nilijiunga mwaka 2009, nikiwa na umri wa miaka 24 na uzito wa kilo 62. Nilikuwa karani wa ghala Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kalamu, kuhesabu magunia yanayopita juu ya mabega ya wenzangu, na nilitamani niwe na mabega kama yale. Siku ya kwanza nikainakili ile karatasi kwenye kaunta buku, neno kwa neno, nikaapa kuifuata. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana ninaowaona leo wakianza kama nilivyoanza mimi. Karatasi yao iko ndani ya simu, lakini ni ileile.

Mwenye jimu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya bandarini. Wote tulimwita Kocha. Vyuma vingi alivitengeneza mwenyewe: anachukua kopo la rangi, anasimamisha bomba la chuma katikati, anajaza zege, anaacha likauke siku kadhaa, halafu anageuza upande wa pili na kujaza kopo la pili. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2 na nusu, kwa hiyo kopo la lita 4 lilikaribia kilo 10 na ndoo ya lita 20 ilikaribia kilo 50. Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Jozi ya makopo madogo ilikuwa kilo 20 na ushei pamoja na bomba. Jozi ya ndoo ilikaribia kilo 100. Kati ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza na baunsa aliyekomaa palikuwa na bonde zima, na mtu hawezi kuliruka bonde lile kwa ushujaa. Kocha alilijaza kwa gia chakavu za malori alizokusanya gereji, na kwa vifuko vya mchanga vya kilo moja moja ambavyo alivipima kwenye mizani ya dukani na kuvifunga kwenye bomba kwa ukanda wa tyubu. Vifuko vile vilikuwa vimening'inia kwenye msumari, na sisi vijana tuliona haya kuvitumia. Tulitaka kutoka kwenye makopo kwenda kwenye gia kwa hatua moja, mbele za watu.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba vile vifuko ndivyo vilivyokuwa mali kubwa kuliko zote pale uani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Thomas DeLorme alikuwa anatibu askari walioumia magoti. Desturi ilikuwa kuwapa wagonjwa kama wale mazoezi mepesi, ya kurudia mara nyingi. DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa kunyanyua vyuma, aliwapa uzito mkubwa kiasi mguu unachoweza, akawa anauongeza kidogo kidogo kadiri nguvu zilivyorudi. Mwaka 1945 alichapisha matokeo yake, na mpaka leo mazoezi yote ya kujenga nguvu yamesimama juu ya jambo hilo moja: mwezi huu ubebe kidogo zaidi ya mwezi uliopita. Kocha hakuwahi kumtaja DeLorme. Alikuwa na mizani ya kukopa na gunia la mchanga.

Niliifuata karatasi kwa miezi 14. Jumatatu nilikuwa nalala benchi seti sita, kisha napanua makopo ya mkononi, kisha namalizia na pushapu mpaka mikono ikatae, jumla kama seti kumi na tano za kifua kwa jioni moja. Jumanne asubuhi nilikuwa siwezi kuvua shati bila kuuma meno, na maumivu yale niliyachukulia kuwa ushahidi kwamba misuli inakua. Kweli kifua kilikua. Benchi nililoanza nalo kwa kilo 30 lilifika kilo 60. Vigimbi na mapaja yalibaki yaleyale ya karani.

Halafu bega la kulia likaanza. Kwanza lilikuwa linakwaruza nikilala ubavu. Baadaye nikawa siwezi kushika bomba la daladala kwa mkono ule. Kutoka Kariakoo mpaka nyumbani nilisimama na mkono wa kushoto juu, na kondakta akiniambia nisogee nyuma nilikuwa nageuka mwili mzima kama mtu aliyefungwa ubao. Bado kila Jumatatu nilirudi kwenye foleni ya benchi.

Jioni moja Kocha aliniona ninalisugua lile bega. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akasema, "Mwanangu, hebu lete hilo daftari lako." Nilikuwa naandika kila siku niliyofika na kila uzito niliobeba, hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwenye ukarani. Akaketi juu ya ndoo ya zege, akaomba kalamu, akaanza kupitia kurasa kwa kidole, anahesabu kwa sauti ya chini. Ilichukua muda mrefu, na mimi nikaendelea na pushapu. Alipomaliza akaniita nione. Katika wiki 60, Jumatatu nilifika mara 55. Jumanne mara 41. Jumatano mara 33. Alhamisi mara 38. Ijumaa, siku ya miguu, mara 9. Jumamosi hata sikuwahi kuiandika, kwa sababu Kariakoo siku hiyo hakuna anayetoka mapema.

Sikuwa mvivu. Jumatano ndiyo siku malori ya mikoani yalipokuwa yakishusha mzigo. Mwisho wa mwezi kulikuwa na kuhesabu mali ghalani mpaka saa 4 usiku. Kulikuwa na mvua za masika zinazoijaza barabara, na mgao wa umeme ulioacha uani pale na mwanga wa taa moja ya kandili. Ijumaa nilikuwa na sababu nyingi zaidi, na nitasema ukweli: miguu inauma kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo sababu za Ijumaa nilizipokea kwa mikono miwili.

"Hii wiki si yako," Kocha aliniambia. "Hii ni wiki ya mtu asiye na kazi nyingine duniani. Wewe Mungu kakupa siku tatu, kasoro kidogo. Umezigawa kwa sita. Kifua kimekula chakula cha watoto wote."

Nimeyakumbuka maneno yale mara nyingi. Ratiba yenye siku sita, kila siku na kiungo chake, haisamehe. Mtu akikosa siku moja, kuna kiungo kinachokaa siku 14 bila kuguswa, na mara nyingi ni kilekile, kwa sababu maisha nayo yana ratiba yake: malori yatakuja Jumatano ijayo pia. Mimi nilikuwa nimefanya mgongo na mabega kwa bahati nasibu na miguu karibu sikuifanya, huku kifua kikisukumwa bila kukosa, kikavuta mabega mbele mpaka moja likalalamika.

Kocha alinichagulia siku kutoka kwenye hesabu yangu mwenyewe. Jumanne na Alhamisi nilikuwa nafika. Jumapili ghala lilikuwa limefungwa, na sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kubeba vyuma Jumapili baada ya sala ya alfajiri. Kwa hiyo ikawa Jumanne, Alhamisi na Jumapili, na kati ya siku na siku hapakosekani siku moja ya kupumzika. Jumatatu akaifuta. Hilo liliniuma, nikamuuliza kwa nini, akanionyesha benchi. "Jumatatu unakaa foleni saa nzima ufanye seti sita. Jumanne liko peke yake."

Kisha akanipa mazoezi ya aina mbili, akayaita Karatasi ya Kwanza na Karatasi ya Pili. Ya kwanza ilikuwa skwoti chuma kikiwa mabegani, benchi, na kuvuta chuma kuelekea tumboni huku umeinama. Ya pili ilikuwa kuinua chuma kutoka chini mpaka kiunoni, kusukuma chuma juu ya kichwa, na kujivuta kwenye bomba lililofungwa kwenye tawi la mwembe. Kila zoezi seti nne za mara sita mpaka kumi, baada ya seti za kupasha moto. Jumanne ya Kwanza, Alhamisi ya Pili, Jumapili ya Kwanza tena, wiki inayofuata inaanza na ya Pili. Kusukuma juu ya kichwa kulisubiri bega litulie. Wiki za mwanzo nilivuta badala ya kusukuma. Na sharti moja alilikazia: nikikosa siku, nisiruke karatasi. Siku nitakayofika, niendelee pale nilipoishia.

Nilipiga hesabu baadaye. Miguu ilipata seti 12 kwa wiki. Kusukuma seti 12, kuvuta seti 12. Kifua changu, kilichozoea seti 15, kilikuwa kimepunguziwa, lakini sasa hakikubanwa jioni moja. Mtu anayetakiwa kuteka ndoo kumi za maji kwa wiki anaweza kuziteka zote asubuhi moja, na ndoo tatu za mwisho zitafika zimemwagika nusu. Akiteka tatu au nne kila safari, zinafika zimejaa. Seti zangu za mwisho za Jumatatu zilikuwa maji yaliyomwagika. Nilizihesabu kwenye daftari, lakini misuli haikuzipata.

Lakini siku ile sikufurahi. Niliona nimeshushwa darasa. Mwili mzima kwa siku moja, nilidhani, ni mazoezi ya wanaoanza. Mabaunsa wa kweli wana siku ya kifua. Nilikuwa sijui historia ya ile karatasi ya ukutani. Steve Reeves, aliyekuwa Mr. America mwaka 1947 na baadaye akacheza Hercules kwenye filamu ya mwaka 1958, alijenga umbo lile kwa kufanya mwili mzima mara tatu kwa wiki, na siku zilizobaki alipumzika. Schwarzenegger mwenyewe, aliyetutazama kutoka ukutani, alifanya mazoezi siku sita, mara nyingi asubuhi na jioni, lakini kiungo kikubwa hakikungoja wiki nzima. Kifua na mgongo vilirudiwa hata mara tatu. Dorian Yates wa Uingereza, aliyetwaa Mr. Olympia mara sita mfululizo kuanzia 1992 mpaka 1997, alifanya siku nne tu, kila kiungo mara moja, kwa nguvu za kutisha. Watatu, wiki tatu tofauti kabisa.

Na kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye karatasi. Schwarzenegger na Yates wote wamekiri hadharani kwamba walitumia steroidi. Dawa hizo huufanya mwili ujenge na kupona kwa kasi ambayo mtu wa kawaida hana. Anayenakili wiki ya mtu wa aina hiyo ananakili nusu ya maelezo. Nimeshuhudia vijana wakitafuta nusu iliyobaki kwa sindano za kununua kwa siri, na ninawasihi wasifanye hivyo. Moyo, ini na uzazi ndivyo vinavyolipa.

Kwa nini kurudia kiungo mara mbili au tatu kunamfaa mtu asiye na dawa? Mwaka 1995 watafiti nchini Canada walipima misuli ya mkono baada ya mazoezi mazito. Saa 24 baadaye, kasi ya kujenga protini ndani ya msuli ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu. Ilipofika saa 36 ilikuwa imekaribia kurudi chini ilikokuwa. Maana yake, kifua changu cha Jumatatu kilikuwa kinajengwa mpaka Jumatano hivi, halafu kinakaa bila kazi mpaka Jumatatu nyingine, kama kibarua aliyelipwa siku mbili na kuambiwa asubiri.

Brad Schoenfeld, mtafiti wa Marekani, pamoja na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwapo mwaka 2016, wakaona kwamba kufanyisha msuli kazi mara mbili kwa wiki kunaukuza kuliko mara moja. Mwaka 2019 walirudi na tafiti nyingi zaidi, na jibu likanyooka: ikiwa jumla ya seti za wiki ni ileile, idadi ya siku haina uzito mkubwa. Wapo wanaosoma jibu hili la pili na kusema basi Jumatatu ya kifua haina ubaya. Mimi nalisoma kwa jicho la karani. Jumla ndiyo inayojenga, na seti kumi au zaidi kwa kila msuli kwa wiki huzaa kuliko chache. Sasa niambie, jumla hiyo utaifikishaje ukiwa umechoka, una kazi, unakosa siku? Ukiigawa mara mbili au tatu, siku moja ikipotea umepoteza sehemu. Ukiiweka yote kwenye siku moja, siku hiyo ikipotea umepoteza yote. Kwa mtu wa foleni na mgao wa umeme, huo ndio uamuzi wenyewe.

Ndani ya miezi sita bega lilikuwa linashika bomba la daladala. Skwoti ilitoka kilo 30 ikafika 80, kwa vifuko vya mchanga, kifuko baada ya kifuko, na nikaacha kuona haya. Uzito wangu ulifika kilo 68. Wapagazi waligundua kabla yangu. Mmoja aliniuliza kama nimehamia upande wao.

Sehemu ya kilo zile sita ilitoka jikoni, na hili lisichukuliwe kijuujuu. Wanaojenga misuli hunufaika na protini mpaka kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 62 zangu ni gramu 100 hivi. Yai moja lina gramu 6 tu. Mshahara wa karani haununui nyama kila siku, kwa hiyo nilikula maharage kila siku, mayai mawili asubuhi, na dagaa wakavu, ambao karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Mama aliyeniuzia dagaa alidhani nafuga kuku.

Ratiba ile haikudumu milele, wala haikutakiwa kudumu. Baada ya miaka minne vyuma vilikuwa vizito kiasi kwamba mwili mzima ulinila saa mbili. Skwoti ikishamaliza nguvu, benchi lilipata mabaki. Nilikuwa nimehamia kazi ya ofisini yenye saa zinazojulikana, basi nikagawa: juu ya kiuno Jumatatu na Alhamisi, chini ya kiuno Jumanne na Ijumaa. Kila kiungo bado mara mbili. Huu ndio mgawanyo ninaoupenda kuliko yote kwa mtu aliyekwisha kukomaa na ana siku nne za uhakika, na miaka ile ndiyo niliyokuwa na nguvu zaidi maishani.

Ramadhani ilinifundisha kushuka. Mwaka mmoja nilijaribu kuendelea na siku nne nikiwa nimefunga, saa 10 jioni, na nikaishia kukaa chini ya mwembe naona nyota. Tangu hapo, mwezi wa mfungo nafanya siku mbili tu, usiku baada ya tarawehe, nikiwa nimefuturu na kunywa maji ya kutosha, mwili mzima, seti chache. Sijawahi kupoteza nguvu kwa namna ya kunitia hofu. Kuzilinda nguvu ulizonazo kunahitaji kazi ndogo sana kuliko kuzitafuta, na laiti wangelijua hili wale wanaoacha kabisa mwezi mzima kwa kuwa hawawezi kufanya yote.

Somo kubwa kuliko yote nililipata kwa dada yangu. Ni muuguzi, na zamu zake zinazunguka: asubuhi, mchana, usiku, mapumziko, kisha upya. Aliponiomba nimwandikie ratiba, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma kwa kuwageuza wagonjwa kitandani, nilimwandikia Jumanne, Alhamisi na Jumapili, kama nilivyoandikiwa. Alinirudishia karatasi siku ileile. "Mdogo wangu," alisema, "wiki yangu mimi haina Jumanne."

Nilikuwa nimemfanyia yale niliyofanyiwa na ule ukuta wa Keko. Tukaanza upya. Tulichukua karatasi mbili tu, ya Kwanza na ya Pili, bila jina la siku. Aliweka ndoo ya lita 10 ya maji na kikombe cha kupimia. Kila kikombe cha nusu lita ni nusu kilo, na ndoo ikijaa anaingiza nyingine mkono wa pili. Kuchuchumaa na ndoo kifuani, kuinua ndoo mbili kutoka chini, kuvuta ndoo kuelekea kiunoni, pushapu kwenye ukingo wa meza, na baada ya miezi, sakafuni. Anafanya karatasi moja akitoka zamu ya mchana au siku ya mapumziko, anaiwekea alama, inayofuata itakuja itakapokuja. Akitoka zamu ya usiku analala kwanza. Hilo lilikuwa sharti lake mwenyewe, na alikuwa sahihi, kwa sababu bila usingizi wa kutosha msuli haujengeki vizuri. Wiki nyingine zilimpa mara tatu, nyingine mara moja. Kwa mwezi zilikuwa mara nane au tisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kwa wastani dada alikuwa amefika hapo bila benchi, bila Jumanne.

Sasa hivi nina watoto wawili na siku mbili za uhakika, pengine tatu. Nimerudi kwenye karatasi za Kocha. Vijana wa jimu ninakofanyia huniuliza juu ya mgawanyo unaovuma sasa, wa kusukuma, kuvuta na miguu, siku tatu kisha kurudia, siku sita. Nawajibu kwa moyo mmoja kwamba ni mgawanyo mzuri sana kwa anayefika siku sita. Kijana mmoja dereva wa bodaboda aliushika mwezi mzima. Tulipohesabu pamoja, miguu ilikuwa imepata siku mbili ndani ya siku 30, kwa sababu siku ya miguu ilikuwa inaangukia Jumatano na Jumamosi, na mara nyingi siku hizo zilikuwa za abiria. Na mgongo aliokaa nao juu ya pikipiki kutwa nzima ulikuwa ndio unaohitaji kazi kuliko viungo vyote. Tukamwandikia siku tatu.

Kocha alifariki miaka michache baada ya mimi kuhama Keko. Uani pale pamejengwa vyumba vya kupangisha, na mwembe umekatwa. Sijui ndoo za zege zilikwenda wapi. Kaunta buku ninayo, na hesabu ya Kocha iko nyuma ya jalada, kwa mwandiko wake.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuanza, au uliyeanza na hujioni ukisogea, kabla hujaniuliza ni ratiba ipi bora, chukua kalenda ya mwezi uliopita. Si ya mwezi ujao. Weka alama kwenye siku ulizokuwa na saa moja yako kweli, wiki kwa wiki, bila kujionea huruma wala kujiongezea. Ukipata mbili au tatu, fanya mwili mzima kila unapofika. Ukipata nne, gawa juu na chini. Ukipata sita, na unalala vya kutosha, na unakula, fanya sita. Andika uzito unaobeba leo. Na kama siku yako ya kwanza inaangukia Jumatatu, waachie wenzako benchi, uanze na miguu.